Kigari cha Arduino kinajizima mota zikianza? Tafuta umeme kwanza, programu baadaye

Mpwa wangu yuko form two, likizo iliyopita alikuja kwangu na kile kigari cha kujifunzia elektroniki, si unavijua, chini kipande cha plastiki ngumu, mota mbili za njano, bodi ya Arduino Uno, moduli nyekundu ya L298N ya kuendesha mota, yale macho mawili ya HC-SR04 ya kupima umbali na sevo ndogo ya bluu ya kuyageuza hayo macho. Akikichomeka kwenye laptopu kinafanya kila kitu vizuri tu, macho yanageuka, namba za umbali zinakuja kwenye skrini, ila akichomoa waya wa USB akawasha kwa betri kinaruka kidogo, kinatulia, kinaruka tena, kinatulia. Siku tatu kijana anabadilisha programu. Kaiandika upya mara nne. Nilivyoiangalia haikuwa na shida yoyote, shida ilikuwa kwenye betri, na tuliipata kwa mita ya bei ya chini kabisa ndani ya dakika kumi.

Hii kitu inawakuta wengi sana wanaoanza na inaniuma, kwasababu hapa ndo vijana wanakata tamaa, mtu anajiona hana akili ya haya mambo kumbe ni betri tu imezidiwa. Kwaiyo naandika njia ninayoifuata mimi hatua kwa hatua, mfano nitatumia hicho kigari maana nimekishika mwenyewe, lakini njia ni ileile hata kama kit yako ni ya kumwagilia bustani au ya kuwasha taa.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza: volti unazipima wakati mzigo unavuta. Betri ikiwa imekaa tu inakuonyesha namba nzuri, haina kazi inayofanya. Ni kama maji ya simtanki, ukifungua bomba la bafuni peke yake yanatoka vizuri, fungua na la jikoni na la nje kwa pamoja, la bafuni linabaki kudondoka, na tanki bado limejaa. Kwenye kit yako mota ndo hilo bomba la nje.

Vitu vya kuwa navyo

Mita. Hii usiikwepe. Ile ndogo ya DT830 inatosha kabisa, inapatikana karibu kila duka la vifaa vya umeme, na kama huna kwa sasa nenda kwa fundi redio yeyote mtaani muombe akupimie, watakusaidia. Waya mweusi unakaa kwenye tundu lililoandikwa COM, mwekundu kwenye tundu la VΩmA. Kitufe cha kuzungusha weka 20 upande wa DCV, yaani volti za moja kwa moja mpaka 20.

Tundu la tatu limeandikwa 10A. Usiweke waya mwekundu hapo halafu ukagusa betri pande zote mbili, maana hapo mita inakuwa kama kipande cha waya, umeunganisha chanya na hasi ya betri moja kwa moja. Ikiwa ni betri ya lithiamu unaweza kuchoma waya za mita na vidole vyako. Nawaambia watoto kila siku, kabla ya kugusa chochote angalia mwekundu uko tundu gani.

Zaidi ya hapo bisibisi ndogo, waya za jampa (vile viwaya vya kuchomeka vyenye pini mwishoni) chache ambazo una uhakika nazo, na kama una kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 16 iweke pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 1: zima, chomoa, tumia macho, pua na kidole

Toa USB, toa betri. Sasa angalia taratibu, usiwe na haraka. Waya mwekundu wa betri unaingia wapi, mweusi unaingia wapi, ufuate kwa kidole mpaka mwisho, usiseme najua niliuweka sawa. Kapasita za duara zenye mstari wa rangi tofauti ubavuni, ule mstari ni upande wa hasi, ukiigeuza inaweza kuvimba na hata kupasuka. Taa za LED mguu mrefu ni chanya. Nusa bodi, kitu kilichoungua kina harufu yake na harufu inakaa siku kadhaa.

Halafu cheki shoti kabla hujarudisha umeme. Mita iweke kwenye alama ya sauti kama inayo, gusa waya mmoja pini ya 5V mwingine GND (ndo hasi ya bodi). Ikilia mfululizo kuna shoti mahali, usiwashe. Ikilia kidogo halafu ikanyamaza ni kapasita zinajaa, hiyo kawaida. Mita isiyo na sauti tumia 200 upande wa omu, ukiona sifuri au moja na kitu, kuna shoti.

Shoti nyingi nilizoona mimi hazitokani na vifaa kuungua, zinatokana na bodi kukaa juu ya kitu cha chuma. Skrubu ya kigari inagusa miguu iliyolehemiwa chini ya Uno. Kipande cha karatasi ngumu ya boksi kati ya bodi na skrubu kinamaliza kesi.

Hatua ya 2: bodi peke yake

Chomoa kila waya kwenye Uno, ibaki tupu kabisa, halafu ichomeke laptopu. Taa ya ON inatakiwa iwake na itulie. Pima pini ya 5V na GND, ukipata kati ya 4.75 na 5.25 bodi ni nzima upande wa umeme, endelea.

Isipowaka, badilisha waya wa USB kwanza kabla hujalia. Na ukiona inawaka lakini laptopu haiioni kabisa, waya wako unaweza kuwa ni wa kuchajia tu, zile waya mbili za data hazimo ndani, nyaya za hivyo zimejaa sana. Ikiwaka sekunde chache ikazima, au ukiiweka inawaka hafifu na sehemu fulani inapata moto, gusa kwa kidole kwa makini ni chipu ipi. Uno ina fyuzi yake upande wa USB inayojirudisha yenyewe, inakata mkondo ukizidi kama miliampea 500, kwaiyo ukipata shoti ndogo ikazima, chomoa, subiri ipoe dakika chache, jaribu tena bila mzigo. Wengi wanaitupa bodi hapa wakati fyuzi ilikuwa inawalinda tu.

Kama unatumia pawabenki badala ya laptopu jua kwamba pawabenki nyingi zinajizima zikiona mkondo mdogo, zinadhani simu imejaa. Bodi tupu inakula kama miliampea 50, kwa pawabenki hiyo si kitu. Utaona kit inafanya kazi nusu dakika inazima, unabonyeza inawaka, inazima. Hapo kit haina kosa.

Hatua ya 3: chanzo cha umeme, hapa ndo penyewe

Hatua hii nitakaa kwa muda maana kwa hesabu yangu ya haraka haraka ndo inayokamata kit nyingi kuliko zote zinazoletwa kwangu.

Chukua betri zako, zikiwa kwenye kisanduku chake, pima bila kuunganisha kitu. Andika. Sasa unganisha kit yote, washa, mwambie mwenzio ashike kigari juu magurudumu yasiguse chini, gusa mita pale pale kwenye waya za kisanduku mota zikiwa zinazunguka. Andika. Halafu zuia gurudumu moja kwa mkono sekunde moja tu, uangalie namba inavyoanguka. Andika na hiyo.

Kwa mpwa wangu namba zilikuwa hivi. Betri nne za AA za kawaida, bila mzigo 6.1. Mota zikizunguka hewani 5.0. Gurudumu likizuiwa 4.2. Na pini ya 5V ya Uno wakati huohuo ilikuwa inacheza cheza kwenye 3 na kitu. Nilimuita nikamwonyesha kwenye kioo cha mita, kila namba ikiporomoka na taa ya bodi inafifia, sevo inatetemeka, programu inaanza upya mwanzo. Hakuongea. Akaenda kuleta daftari.

Kwanini inafika huko? Kwasababu volti zinaliwa njiani. Betri zake zilikuwa zinaingia kwenye L298N, na kutoka hapohapo waya mwingine unaenda VIN ya Uno (pini ya kuingizia umeme wa nje). Ukiingiza umeme VIN unapita kwenye regyuleta ya bodi (kidude kinachoshusha volti zibaki 5), na hiyo ili itoe 5 safi inahitaji uipe zaidi kwa kama volti moja juu yake, ndo maana maelekezo ya Uno yanasema 7 mpaka 12. Ukiingizia tundu la duara la adapta unapoteza na nyingine ya diodi inayolinda usigeuze waya, karibu 0.7. (VIN haina hiyo diodi, ukigeuza chanya na hasi pale hamna wa kukulinda.) Sasa betri zikishuka 4.2 toa volti moja, chipu inabaki na 3.2, na ATmega328P (ndo hiyo chipu kuu ya bodi) ikikimbia megahezi 16 kama ilivyo kwenye Uno inataka kuanzia kama 3.8 kwenda juu ndo iwe na uhakika. Chini ya hapo inaweza kufanya vitu vya ajabu, inaruka mistari, inasoma sensa vibaya, mpaka ikifika 2.7 inajizima na kuanza upya. Kwaiyo ukiona kit inafanya vituko visivyo na mantiki, hiyo kanda ya kati ya 3.8 na 2.7 ishuku mapema.

Na kwenye laptopu mbona ilikuwa nzima? Hili swali kijana aliniuliza na ni swali zuri sana. Uno ina kijisakiti kinacholinganisha, kikiona upande wa betri uko chini ya kama volti 6.6 na USB imechomekwa, bodi inakula USB. Kwaiyo laptopu ilikuwa inailisha bodi na sevo, betri zinalisha mota tu, kila mtu na sahani yake. Ulipochomoa USB wote wamerudi kwenye sahani moja.

Upande wa mota nako L298N ni ya zamani, yenyewe inakula karibu volti 2 kabla hujafika kwenye mota, na mzigo ukiwa mkubwa inakula zaidi. Ndo maana inapata moto. Ukiipa 6 mota zinaona 4.

Sasa vyanzo vyenyewe, maoni yangu:

Betri ya mraba ya volti 9, ile inayokuja bure kwenye kit nyingi na kile kiwaya chake cha kubofya, iweke kwenye mita au kwenye saa ya king'ora, usiendeshee mota. Ndani yake ni seli sita ndogo sana zimepangwa, uwezo wake hata ile nzuri ya alkalini ni kama miliampea-saa 500, na ukiivuta kwa nguvu inaporomoka papo hapo. Niliwahi kupima moja mpya ya bei ya chini, 9.2 bila mzigo, mota mbili zikaanza ikaenda 5 na kitu. Mpya kabisa hiyo, imetoka kwenye nailoni. Kwa bodi na sensa peke yake inafaa kwa muda mfupi, lakini mota hapana.

AA za alkalini sita, siyo nne, zinakupa 9 na zinavumilia mkondo. Hii ndo njia salama kwa mtoto. Zile za kuchaji za NiMH kila moja ni 1.2 siyo 1.5, kwaiyo nne ni 4.8, hesabu vizuri.

Seli za 18650 mbili kwa mfululizo, 7.4 kwa kawaida na 8.4 zikijaa. Hizi ndo tulizomwekea mpwa wangu. Zinatoa mkondo mwingi bila kuyumba, ila zinataka adabu: chaja yake yenyewe inayokata kwenye 4.2 kwa kila seli, usizishushe chini ya 3, usizilehemu moja kwa moja maana joto linaziharibu ndani, nunua kisanduku chake, na kamwe usiziweke mfukoni pamoja na funguo. Na ukikuta imeandikwa mAh 9900 usiamini hilo andiko, seli nzuri kabisa za saizi hiyo ziko kama 3500.

Kama kit yako haitembei, adapta ya zamani ya ruta ya volti 9 inafaa sana. Angalia maandishi ya nyuma, upande wa kutoka iandikwe DC na siyo AC, na kile kichoro cha duara kionyeshe chanya katikati. Volti 12 inaingia ndani ya kiwango ila regyuleta ya bodi inageuza ziada yote kuwa joto: 12 toa 5 ni 7, zidisha kwa ampea 0.2, wati 1.4 kwenye kidude kidogo kama ukucha, utaunguza kidole. Na adapta yoyote usiifungue ikiwa ukutani, ndani kuna 230 na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata ukichomoa.

Hatua ya 4: bredibodi na waya za jampa

Bredibodi ni ule ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kulehemu. Chanzo kikiwa sawa lakini kifaa bado hakipati, fuata njia. Acha mita nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu tembeza: chanya ya betri, halafu baada ya swichi, halafu kwenye skrubu za moduli, halafu mwanzo wa bredibodi, mwisho wa bredibodi, mguu wenyewe wa kifaa. Kila unapohama namba isishuke zaidi ya volti 0.1 au 0.2. Pale inapoanguka ghafla, tatizo liko kati ya hapo na pale ulipotoka. Ni hivyo tu, huna haja ya kubahatisha.

Bredibodi ndefu zenye matundu 830, ile mistari mirefu ya pembeni ya umeme, kwenye nyingi imekatika katikati. Angalia mstari mwekundu uliochorwa, kama una pengo katikati basi na shaba ya chini imekatika hapo. Umeweka 5V upande wa kushoto, sensa iko kulia, haina kitu. Ruka pengo kwa jampa moja, chanya na hasi.

Waya za jampa ni nyembamba sana ndani, na zinakatika pale kwenye shingo ya pini huku nje zinaonekana nzima. Niliwahi kukaa na mradi wa taa usiku mzima, waya mmoja wa njano ukiukunja kidogo kushoto inawaka, ukiuachia inazima, na kwa macho ni mpya. Siku hizi zote nazipima kwa sauti ya mita kabla sijazitumia huku nazitikisa, mbovu naikata vipande kwa mkasi palepale isije ikarudi kwenye boksi. Kwa umeme wa mota usitumie kabisa jampa, tumia waya mnene kidogo, hata ule wa spika.

Springi za kisanduku cha betri nazo zicheki, zikiwa na ule unga mweupe au kijani sugua kwa msasa laini.

Hatua ya 5: hasi zote ziwe moja

Ukitumia vyanzo viwili, mfano betri kwa mota na USB kwa bodi, lazima GND za pande zote ziunganishwe. Hii inasahaulika mno. Bodi inatuma ishara kwa L298N kwamba "hii ni volti 5", lakini 5 kutoka wapi? Bila hasi ya pamoja hiyo namba haina pa kuanzia kuhesabiwa, na unaona mota zinatetemeka au zinageuka zinavyotaka zenyewe. Chanya ndo usizichanganye. Hasi ziunganishe, chanya kila moja ibaki kwake.

Hatua ya 6: hesabu nani anakula kiasi gani

Chukua karatasi. Uno yenyewe kama miliampea 50. HC-SR04 kama 15. Taa ya LED nyekundu kwenye rezista ya omu 220 (mistari yake nyekundu, nyekundu, kahawia): 5 toa 2 ya taa ni 3, gawa kwa 220, kama miliampea 14. Mpaka hapo USB inatosha. Sasa mota za njano, moja ikizunguka bure ni kama 150 na ushee, lakini ikikwama au pale inapoanza tu inavuta ampea 1.1 mpaka 1.5 kutegemea volti. Mbili kwa pamoja ni karibu ampea 3 kwa kitambo kidogo. Na sevo ndogo ikianza kugeuka inavuta mamia ya miliampea.

Kwaiyo mota kamwe usiichomeke moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pini moja inashauriwa isizidi miliampea 20, na 40 ndo mwisho wake kabisa. Pini ya 3.3V kwenye Uno ni 50 tu, moduli za WiFi kama ESP8266 zinavuta zaidi ya 300 zikirusha, haziwezi kuishi pale.

Sevo tuliihamisha. Badala ya pini ya 5V ya Uno tukaipa 5V ya L298N, ile moduli ina regyuleta yake ndogo, inafanya kazi ukiacha kile kijampa chake (kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachounga pini mbili, siyo waya) mahali pake na ukiipa kuanzia 7 bila kuzidi 12. Njia nyingine rahisi kwa mwenye sevo nyingi: kichwa cha chaja ya simu ya volti 5 ampea 2, kata waya wa USB uliokufa, ndani mwekundu huwa chanya na mweusi hasi, ila pima kwanza maana kuna waya za bei ya chini rangi zake haziaminiki, na hasi yake uirudishe kwenye GND ya bodi kama hatua ya 5.

Hatua ya 7: mishtuko ambayo mita haiioni

Kuna wakati mita inasema 5.0 safi na bodi bado inaanza upya. Mita ndogo inabadilisha namba mara mbili tatu kwa sekunde, mshtuko wa milisekunde chache unapita haijauona. Kuujua, kwenye sehemu ya setup ya programu weka taa ya pini 13 iwake na kuzima haraka mara tano. Basi. Kila ukiziona hizo tano katikati ya kazi ujue bodi imezaliwa upya sasa hivi, na angalia ni kifaa gani kilikuwa kinaanza wakati huo. Kwa wenye ESP32 bodi yenyewe inaandika kwenye skrini ya siriali kwamba brownout imetokea, maana yake volti zimeporomoka.

Dawa ni ile kapasita ya 470, iweke karibu kabisa na sevo au L298N, kati ya chanya na hasi, mstari wa ubavuni upande wa hasi. Inakuwa kama ndoo ya akiba, mota ikivuta ghafla inachota kwenye ndoo kwanza. Na kapasita ndogo ya seramiki iliyoandikwa 104 ilehemu kwenye miguu miwili ya kila mota, inameza ile kelele ya brashi za ndani. Tofauti niliiona siku ileile, macho ya HC-SR04 yaliyokuwa yanasoma sentimita 40, mara 0, mara 300 ukuta ukiwa palepale, yakatulia kwenye 40 na 41.

Hatua ya 8: rudisha kimoja kimoja

Usirudishe vyote kwa mkupuo hata kama una uhakika. Bodi na chanzo, pima. Ongeza sensa, pima. Ongeza sevo, iendeshe, pima ikiwa inageuka. Ongeza mota moja, halafu ya pili. Kila mara pima sehemu mbili tu, kwenye betri na kwenye pini ya 5V. Ikivurugika unajua ni nani aliyeingia mwisho.

Kigari cha mpwa wangu sasa kina kipande cha selotepu ya karatasi chini ya tumbo, ameandika kwa kalamu: betri zimejaa 8.3, mota zikienda 7.7, gurudumu likizuiwa 7.1, bodi 5.0. Kila akianza kucheza anapima kwanza, na betri zikifika 6.6 mota zikiwa zinaenda anazitoa anaweka kwenye chaja.